Mvi Hizi za Nani?

Leo asubuhi nimeulizwa swali ambalo mtu mwenye upara hapaswi kuulizwa mbele za watu. Kikao kimeanza, nimevaa suti nyeusi, ile moja, mnaijua, kila mtu anayo ile moja. Nimefunga tai, nimekaa kwa heshima zangu zote. Mara bwana aliyekaa pembeni yangu akanyoosha mkono, akachomoa kitu begani kwangu, akakiinua kwenye mwanga kama sonara anayekagua dhahabu.

"Kaka," akasema, tena bila kushusha sauti, "mvi hizi za nani?"

Kichwani kwangu hakuna kitu tangu nina miaka 30. Ndevu nanyoa. Sasa nijitetee vipi? Nikasema ni za paka. Meza nzima ikaguna, ule mguno wa "haya, za paka." Nikaona niongeze maelezo: "Ananyonyoka manyoya, ni msimu wake." Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Tangu dakika ile hakuna aliyesikiliza ajenda, wote walikuwa wanachunguza mgongo wangu na kumwonea huruma mke wangu.

Paka mwenyewe anaitwa Pamba. Jina alipewa na binti yangu kwa sababu ni mweupe pe pe pe. Mtoto mdogo, hakujua kwamba anatabiri. Siku hizi ukikaa kwenye kochi langu ukainuka, watu wanadhani umetoka kuvuna. Manyoya yako kwenye mto, yako kwenye mswaki, yako kwenye miwani. Juzi nimefungua bahasha iliyoletwa imefungwa kwa gundi, ndani mna unyoya. Imefungwa kwa gundi, jamani!

Eti msimu. Mimi msimu ninaoujua una mwanzo na una mwisho. Huu wa Pamba nimengoja uishe hadi nikachoka, nikaenda kwa daktari wa mifugo. Akanieleza taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba. Paka, akasema, amevaa makoti mawili, la nje gumu na refu, la ndani laini kama sufi, na hilo la ndani ndilo linalomwagika zaidi. Anayetoa amri ni mwanga, yaani urefu wa mchana, kuliko hata joto. Kwenye nchi zenye majira manne, paka anayeishi nje humwaga kwa wingi baridi inapoisha, kisha tena kabla haijarudi, halafu anatulia. Lakini huyu wa ndani, anayekaa chini ya taa mpaka usiku wa manane, mwili wake haujui huu ni mwezi gani. Basi anamwaga kidogo kidogo mwaka mzima.

Kidogo kidogo! Nikamwonyesha suruali. Akaitazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Mchane."

Nikanunua brashi. Kwenye pakiti yake kuna picha ya paka anayechanwa huku amefumba macho, anatabasamu. Nimeshaishi na paka miaka minne, nawaambia yule wa kwenye picha alikuwa amechorwa.

Jumamosi nikajipanga. Nikavua shati ili lisichafuke, na hilo lilikuwa kosa, mtaona. Nikakaa sakafuni, nikamwita Pamba kwa sauti ile ya adabu ninayomtumia mtu ninayemdai. Akaja. Huo ndio unafiki wa paka, anakuja! Nikaanza na mashavu, akafumba macho. Shingoni, akaanza kunguruma ule mngurumo wao wa raha. Mgongoni, manyoya yakaanza kutoka mafungu kwa mafungu. Ndani ya nusu saa nina lundo pembeni ukubwa wa paka wa pili. Nikajiona fundi. Nikamwita mama watoto aje ashuhudie, nikaanza hata kumfundisha, "Unaona, siri ni mkono mwepesi."

Pamba akajigeuza, tumbo juu. Wahenga wanasema paka hakubali kulala chali. Wahenga hawakumfuga huyu. Nikadhani ananipa ruhusa. Nikapitisha brashi tumboni, mara moja tu, tena kinyume na manyoya yalivyolala.

Paka ana kucha 18, tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Sikuambiwa na mtu, nilizihesabu mwenyewe kifuani. Akanikumbatia mkono kwa miguu ya mbele, meno yamezama kwenye kiganja, miguu ya nyuma inapiga kama mtu anayeendesha baiskeli mlimani. Nikapiga ukelele ambao sikujua kwamba ninao. Mama watoto, badala ya kusaidia, akasema, "Usimtishe!" Nani? Nani anamtisha nani hapa? Nikasimama, Pamba ananing'inia kama bangili, nikazunguka mara mbili nikitafuta pa kumtua, mguu ukapiga lile lundo, lundo likapanda juu, na juu kulikuwa na feni.

Sasa mnaelewa habari ya shati. Kifua wazi, jasho linatiririka, na manyoya ya nusu saa nzima yanashuka kutoka mbinguni yakitafuta pa kukaa. Binti yangu akatokea mlangoni, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, hakusema neno. Akaenda kumwita mdogo wake.

Pamba alipoachia alisogea hatua mbili tu, akakaa, akaanza kujilamba pale nilipomgusa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kucha. Ananitoa mwilini mwake, mimi ninayemlisha!

Na huo ulimi, hebu niwaambie. Una mamia ya vimiba vilivyoinama kuelekea kooni. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ncha za vimiba hivyo zina vishimo vinavyobeba mate hadi ndani kabisa ya manyoya, kisha wakatengeneza brashi kwa kuiga ulimi huo. Yaani mwenzangu anatembea na brashi mdomoni ambayo wahandisi wanainakili, na mimi namkimbiza na ya plastiki. Ila kwa kuwa vimiba vimeinamia ndani, anachokichana anakimeza. Mengi hupita yakatokea nyuma kwa ustaarabu. Mengine hurudi mbele, saa tisa usiku, kwenye njia ya kwenda chooni, kwa sauti kama ya pikipiki inayokataa kuwaka. Na mimi usiku natembea peku. Tuliache hilo.

Shemeji alikuja kututembelea, akapiga chafya mpaka akalia, akayalaumu manyoya. Nikamweleza kwamba kinachomsumbua ni protini iliyo kwenye mate na tezi za ngozi ya paka, manyoya ni usafiri tu. Hakupendezwa. Hajarudi tena, kwa hiyo siwezi kusema manyoya haya ni hasara tupu.

Jirani akashauri tumnyoe. Daktari akakataa, manyoya hayo hayo yanamkinga ngozi na jua. Sawa, nimekubali, upara ndani ya nyumba hii tumbakizie mtu mmoja.

Kitu pekee kilichosaidia ni glavu ya mpira. Ilowanishe kidogo, isugue kwenye kochi upande mmoja, manyoya yanajikunja yenyewe kama kamba, unaokota unatupa. Nilimwonyesha mama watoto kwa fahari kubwa. Akataka kujua kwa nini glavu zake za kuoshea vyombo ziko kwenye kochi.

Basi nikaamua kwenda kwenye chanzo. Kama kinachomdanganya paka ni taa, taa zizimwe. Sasa kila jioni napita chumba kwa chumba, na watoto wanasema baba amekuwa bahili. Ni kwa ajili ya paka! Hakuna anayeamini, maana ni kweli habari ya taa niliianza zamani, kabla ya Pamba. Lakini hebu tuseme ukweli, taa ya chooni nani anaiacha? Tuko wanne, na wote si wao. Jana nimeizima mara saba. Ya nane nikajibanza gizani nyuma ya mlango nimkamate mtu. Mama watoto akanikuta pale, akauliza nafanya nini. Nikasema ni mambo ya paka. Akaguna, mguno ule ule wa kikaoni.

Halafu swichi yenyewe fundi aliifunga kichwa chini miguu juu, ukiisukuma chini inazima, ukiisukuma juu inawaka, na zile nyingine zote za nyumba ni kinyume chake. Yule fundi namtafuta tangu tulipohamia. Nina maneno naye.