Mbona mheshimiwa hakuanzia mstari wa 12?

Mhariri, mheshimiwa mwanasiasa mliyemnukuu akiwa kanisani hapa Kisumu, eti wanaouliza pesa za barabara zilienda wapi wakumbuke "Msiwaguse masihi wangu" (yaani wapakwa mafuta wa Mungu), alichomoa Zaburi 105:15 peke yake. Angerudi nyuma kidogo tu. Mstari wa 12 unataja watu wachache, tena wageni nchini: Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakihamahama na mahema yao. Wa 14 unasema Mungu aliwakemea hata wafalme kwa ajili yao. Sasa hapo anayeonywa ni nani, raia au mwenye enzi? Kwa usomaji huo, masihi wa leo ni yule mama mchuuzi wa mtaa wa Kondele anayekimbizwa na askari wa kaunti, sinia la omena (dagaa) kichwani. Mheshimiwa atafute nafasi yake upande wa Farao.

Na sisi waumini tulipiga makofi (nilikuwepo, nakiri, na bahasha ya harambee ilikuwa nene). Mji huu huu ndimo alimohubiri Askofu Henry Okullu wa dayosisi ya Kianglikana ya Maseno Kusini, akipinga utawala wa chama kimoja waziwazi. Yeye hakuambiwa asiguse masihi? Nafikiri aliambiwa sana.