Koti la Karume

Zipu ni kitu kidogo mno kumvunjia heshima mtu mzima mwenye wajukuu wawili, tena mweka hazina wa kikoba. Lakini jana imenivunjia, saa saba mchana, pale soko la mitumba la Karume, Dar, na joto la Februari hii hii mnayoijua.

Chanzo ni shemeji yangu aliyeko Marekani. Kapiga simu: Desemba nijiandae, twende West Yellowstone, jimbo la Montana, tukaendeshe pikipiki za theluji milimani. Chombo chenyewe hakina tairi. Mbele kina skii mbili, nyuma mkanda mpana unaozunguka kama wa katapila, na moto unaongezea kwa kidole gumba. Nikamsimulia kijana wangu wa bodaboda. Akafikiri, akauliza, "Inapiga mshikaki?" Nikamwambia mwisho abiria mmoja. Akawasikitikia wenye chombo.

Viza tuiache. Dola 185 za maombi, hazirudi hata ukinyimwa.

Shemeji alichosisitiza ni koti, maana huko alfajiri inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndiyo nikaenda Karume. Kijana wa mitumba kaninyanyulia dude jekundu, nene kama godoro la futi tatu. "Mzee wangu, manyoya ya bata hayo. Belo limefunguliwa leo asubuhi. Elfu thelathini na tano, jaribu tu, kujaribu bure."

Nikajaribu. Akanifunga zipu mwenyewe hadi kidevuni, kwa heshima zote, kama anamvika bwana harusi. Nikajitazama kwenye kioo chake kilichopasuka: kweli nimependeza. Nikasema elfu ishirini, nikavuta zipu nivue. Ikagoma. Akavuta yeye. Ikagoma. Akaja mwenzake wa viatu, akavuta kwa mguu umekanyaga meza. Mimi ndani huko naiva.

"Mzee usihangaike, utaikata," kasema kijana. "Halafu sasa ni elfu arobaini."

"Imepandaje?"

"Umeshaitolea jasho, nani mwingine ataichukua?"

Watu wakajaa. Mama wa maembe akasema nipepewe, akanipepea kwa kifuniko cha boksi huku anauliza kama nina sukari au presha. Mtoto mmoja akaniamkia, "Shikamoo mwanaanga." Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Akaitwa fundi cherehani, kaja na koleo na kipande cha mshumaa, akapaka nta meno ya zipu taratibu, anapiga mluzi, kama mtu aliyelipwa kwa siku. Nilikuwa nimepanga kuzungumza kwa utulivu. Nikasikia sauti yangu inalia, "Jamani nitoeni humu! Nitoeni!" Nikatoka. Elfu arobaini nikalipa, na elfu mbili ya mshumaa.

Usiku nampigia shemeji kumwambia koti lipo, ndiyo kwanza ananieleza mengine. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone lazima uwe na leseni ya udereva iliyo hai. Yangu ilifariki zamani. Mwendo mwisho maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Halafu kuna nyati wa huko, wenye manyoya, wanatembea katikati ya barabara bila haraka, na wewe unazima, unasubiri wapite. Yaani niuze kiwanja cha Chanika, nivuke bahari, nikakae kwenye foleni! Foleni ninayo hapa Ubungo, bure, na karanga unauziwa dirishani.

Kuna na chemchemi inaitwa Old Faithful, maji ya moto yanajirusha yenyewe hewani. Bomba langu linakohoa upepo tangu Jumatatu.

Na umeme nao umekatika leo asubuhi. Mama Zuhura, mwenye biashara yake ya barafu, hakuniuliza kitu. Kachukua koti langu, kalivisha ndoo ya barafu, kafunga zipu. Mpaka sasa hazijayeyuka, anawasifu sana hao bata. Wateja wanakuja, ila zipu ikigoma naitwa mimi, na mshumaa wangu. Sasa hivi kasimama mtoto wa jirani, anataka barafu ya mia mbili, kashika noti ya elfu kumi. Asubuhi yote hii, elfu kumi! Chenji naitoa wapi mimi? Mwambie mama yako...