Saa 15 na Nusu za Kunguru

Jamani, hawa wanaopima umbali huko intaneti wanapimia nini? Kamba ya kuanikia nguo?

Binti yangu kajifungua New York. Hata sijaamua kama nakwenda, kijana wa duka la vocha keshabonyeza simu: "Mzee, Dar mpaka New York ni kilomita 12,400 tu. Saa 15 na nusu, umefika." Hiyo "tu" yake ndiyo iliyoniponza. Nikasema si kitu, mimi mtu wa basi la Mwanza.

Kumbe wale wamechukua kilomita, wakagawa kwa mwendo wa ndege, kazi ikaisha. Hawajauliza kama hiyo ndege ipo! Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda New York. Hizo saa 15 na nusu ni za kunguru, tena kunguru asiyeshuka hata kunywa maji.

Mimi nilipitishwa Doha. Marekani iko magharibi, hilo tulifundishwa shuleni kwa fimbo, lakini ndege ikainua pua ikashika njia ya Uarabuni. Nikamgusa jirani: "Mwanangu, hawa hawajapotea?" Kilomita 3,800 kwanza, halafu nyingine karibu 10,800. Jumlisha mwenyewe. Zimezidi kama 2,200: ni sawa na kwenda Mwanza kwa basi, ukafika stendi, ukageuza kurudi Dar, ndipo safari ianze.

Na Mbagala sijaitaja. Mpaka uwanja wa ndege kilomita hazifiki 20, bajaji ikala saa mbili kasoro. Pale Tazara tulisimama mpaka muuza karanga akaanza kuniita mjomba. Uwanjani wanataka ufike saa tatu kabla, ukae tu. Doha nikakaa saa nyingine nane, nanusa kahawa ambayo bei yake sikuthubutu kuuliza.

Kutoka Doha, saa 14 angani. Wakatuambia upepo wa huko juu unavuma toka magharibi, unatupiga kifuani. Wakati wa kurudi utatusukuma mgongoni, zitakuwa kama 12. Ala! Si ndiyo kusi na kaskazi yaleyale? Ila wazee wa majahazi walikuwa na akili, walingoja upepo ugeuke. Sisi tunaupiga kichwa huku tumeshika juisi.

Haya, nipigieni hesabu. Nimepaa Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni (tiketi inasema 17:30, saa ambayo kwetu Mbagala haijawahi kugonga). Nimetua Jumamosi saa tisa alasiri. Kwa vidole ni saa 21 na nusu. Kwa magoti yangu ni 28 na nusu. Eti New York wako nyuma yetu saa 7, na wakiingia majira ya baridi wanazidi kurudi nyuma, zinakuwa 8.

Saa nane usiku niko macho kama bundi, nampigia Mama Zuhura. Kwake saa tatu asubuhi, anakaanga maandazi. Nikamweleza yote, hasa zile saa saba. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo Baba Zuhura umeongezewa saa saba nzima, na bado umekosa dakika ya kunipigia ulipotua?"