Kufungua mlango ni rahisi, shida ni miezi sita baadaye

Kila zikizuka fujo za kuwafukuza wageni, viongozi wa dini wanatoa tamko. "Tunalaani vikali." Kusema ukweli matamko yamenichosha, maana aliyeshika jiwe hayasomi, na aliyejificha chini ya kitanda hayamsaidii kitu.

Vitendo ndo vinanigusa. Agosti 2024 kule Uingereza, siku chache baada ya watu kuushambulia msikiti wa Southport kwa sababu ya uongo wa mtandaoni kwamba aliyeua watoto watatu kwenye darasa la dansi ni Muislamu aliyeingia kwa boti (kumbe kazaliwa hukohuko, Cardiff), imamu Adam Kelwick wa Liverpool alitoka nje ya msikiti akawapelekea waandamanaji wa kupinga wageni baga na vinywaji baridi, akakumbatiana na mmoja wao, picha ikazunguka dunia nzima. Na Southport kwenyewe majirani walikuja asubuhi yake kuujenga upya ukuta wa msikiti. Safi sana. Ila hiyo ni siku moja, na siku moja wengi tunaiweza.

Mi nalifikiria zaidi lile kanisa la Methodisti katikati ya Johannesburg. Askofu Paul Verryn alikuwa anapokea Wazimbabwe hata kabla ya fujo za kuwafukuza wageni za Mei 2008 zilizoua watu 62, Januari ya mwaka huohuo polisi walishavamia pale usiku wakazoa watu zaidi ya elfu moja, na hakufunga. Fujo zilipoanza wakaongezeka, watu wanalala kwenye ngazi, kwenye korido, popote penye sakafu. Sasa fikiria vyoo. Yaani jengo la watu wa kusali Jumapili wakaenda zao, leo lina mamia kwa mamia wanaooga, wanafua, wanagombana, wanaumwa humohumo. Harufu ikawa harufu, majirani wakalalamika, waumini wenyewe wakagawanyika, yakaja na malalamiko mazito kuhusu usalama wa watoto mle ndani, na hayo sio ya kupuuza hata kidogo. 2010 askofu akasimamishwa na kanisa lake mwenyewe, baadaye akarudi. Wageni walikaa pale hadi mwisho wa 2014.

Wapo wanaosema alikosea, angeweka kikomo. Labda. Lakini jamani, mji ule umejaa makanisa na misikiti, kwa nini jengo moja ndo libebe watu wote wale? Kila nyumba ya ibada ingechukua ishirini tu, hata stori ya vyoo isingekuwepo. Na tusijidanganye, waliokuwa wanachoma vibanda hawakutoka mwezini, wengine wana viti vyao kanisani na hakuna aliyewauliza Jumapili iliyofuata.

Kamati ya nyumba yetu ya ibada ikiombwa kupokea watu najua swali la kwanza litakuwa bili ya maji analipa nani. Ni swali halali kabisa. Ila tuliulize sasa hivi, kabla hakijanuka.