Fundi anayekukataza inveta ana hoja

Ukiingia duka la viyoyozi Kariakoo leo, utaambiwa uchukue AC ya inveta. Ukimuuliza fundi wa mtaani kwako, huenda akakuvuta pembeni: chukua ile ya kawaida, utaishi nayo. Wengi humwona fundi huyu kuwa amepitwa na wakati. Mimi naona hatujamsikiliza vya kutosha.

Hoja ya dukani ni ya kweli. AC ya kawaida hukimbia kwa nguvu zote, chumba kikipoa hujizima, kisha huanza upya. Inveta hupunguza mwendo wa kompresa, pampu inayosukuma gesi, na kuendelea polepole. Tuchukulie mashine za BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) zinazolala zimewashwa: ya kawaida ikila uniti tano kwa usiku na inveta ikala tatu na nusu, kwa takriban shilingi 356 kwa uniti, LUKU yako, yaani umeme wa kulipia kabla, imeokoa kama shilingi 16,000 kwa mwezi. Kama uliongeza laki tatu kununua inveta, zitarudi baada ya miezi 19 hivi.

Hiyo ni kwa anayelala na AC kila siku ya mwaka. Dar es Salaam, Juni hadi Agosti wengi wetu tunafungua madirisha. Na sebuleni, ambako AC huwashwa kwa muda wa saa mbili tu jioni wageni wakija, hesabu inavunjika kabisa, kwa sababu muda huo wa mwanzo inveta nayo inakimbia kwa nguvu zote kupambana na joto lililojaa ukutani tangu mchana. Haijapata nafasi ya kupunguza mwendo, nawe umeshaizima.

Halafu kuna bodi, sakiti ya elektroniki inayoiongoza inveta. Hapa ndipo fundi anapojua asichokijua muuzaji. Februari moja inveta yetu ya sebuleni ilinyamaza ghafla. Fundi alipofungua mashine ya nje, tulikuta mjusi kafiri amekauka juu ya bodi, tumbo limeungana na shaba, pembeni pameungua kuwa peusi. Bodi mpya ilitajwa karibu nusu ya bei ya mashine nzima, na tuliisubiri wiki tatu katika joto lile. Kwenye AC ya kawaida, kinachokufa mara nyingi ni kapasita, kitu cha kubadilishwa mchana mmoja. Umeme unaopanda na kushuka huua bodi kama mjusi, na bodi moja iliyoungua inameza akiba ya miaka.

Upande wa gesi ya kupozea inveta mpya zina sifa yake: nyingi hutumia R32, ambayo uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni mara 675 ya hewa ya ukaa, dhidi ya mara 2,088 kwa gesi ya R410A. Ila gesi hiyo inaweza kushika moto, na inataka fundi mwenye mzani, si wa kukisia kwa kugusa bomba.

Mpangaji naye ana lake: AC kainunua mwenye nyumba, LUKU analipa yeye. Huyo simlaumu akitamani inveta.

Chumbani kwetu inveta ipo, imefungiwa kilinda umeme, na matundu ya mashine ya nje yamezibwa kwa wavu wa mbu. Sebuleni tumefunga ya kawaida. Fundi aliyeifunga, kabla ya kutaja bei, aliuliza tunaiwasha saa ngapi kwa siku. Dukani sikuulizwa.