Mtahiniwa wa Miwani Aanze na Lenzi Mkononi

Jumapili iliyopita binti ya kaka yangu alikuja kwangu Umoja, Nairobi, akiwa na simu iliyojaa maswali ya kujiandaa kwa mtihani wa cheti cha ufundi wa miwani. Yalikuwa mamia ya maswali, kila moja likiwa na herufi ya jibu lake pembeni, naye alikuwa amekwisha kuyakariri karibu yote. Nilimwuliza kuhusu kanuni ya Prentice, ile ya kukokotoa prizimu, yaani kiasi ambacho lenzi husogeza picha mtu asipotazama kupitia kitovu chake, akanijibu kabla sijamaliza: prizimu ni umbali kutoka kitovu cha lenzi kwa sentimita, mara nguvu ya lenzi kwa daiopta. Kisha nikampa lenzi ya hasi sita, ya mtu asiyeona vizuri vitu vya mbali, na kumwomba anionyeshe kitovu chake kilipo, mahali ambapo mwanga hupita bila kupindishwa. Aliigeuzageuza, akanitazama, akasema, "Shangazi, hilo halimo kwenye maswali."

Sikumkasirikia yeye. Hasira yangu ni kwa wale wanaowauzia vijana wetu orodha hizi na kuziita maandalizi, kwa sababu mimi hukaa upande wa pili wa meza, mahali ambapo mtu mwenye miwani iliyotengenezwa vibaya huja kulalamika.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja katika karakana yetu, hapa katikati ya jiji, dereva wa matatu aliyekuwa amenunua miwani mpya kwingine. Alisema kwamba kichwa kilimuuma kila siku kuanzia saa nane mchana, na kwamba jioni, foleni ya Barabara ya Jogoo inapokaza, taa za nyuma za gari lililo mbele yake zilikuwa zikijigawa mara mbili. Daktari wa macho alikuwa amempima upya na kukuta kwamba nguvu ya lenzi ni sahihi kabisa, hasi sita macho yote mawili. Niliitazama fremu. Ndani ya mkono wake palikuwa pameandikwa 52 na 18, yaani upana wa lenzi moja na nafasi ya daraja la pua, na ukizijumlisha unapata 70. Nilipoiweka miwani kwenye fokimita, mashine ya kupimia lenzi, vitovu vya lenzi vilikuwa vimeachana kwa milimita 70 hizo hizo, ilhali umbali kati ya mboni zake ulikuwa milimita 62. Fundi aliyeitengeneza alikuwa ameweka kila kitovu katikati ya fremu bila kumpima mwenye macho.

Sasa hesabu ile ambayo mpwa wangu aliitamka kama shairi inapata uzito wake. Kila jicho lilikuwa mbali na kitovu kwa milimita 4, ambazo ni sentimita 0.4, mara 6, unapata prizimu 2.4 kwa jicho moja, na 4.8 kwa yote mawili. Lenzi ya hasi ni nyembamba katikati na nene pembeni, kwa hiyo dereva huyu alikuwa akitazama kupitia sehemu ambayo unene wake unaongezeka kuelekea puani, na macho yake yalilazimika kufunguka kuelekea nje ili yapate picha moja. Macho ya binadamu hujikusanya kuelekea ndani bila taabu kubwa, lakini kufunguka kuelekea nje yanaweza kidogo tu. Alikuwa akiifanya kazi hiyo tangu alfajiri akiwa amebeba abiria, na jioni macho yakashindwa. Sina shaka kwamba fundi yule angeulizwa kanuni ya Prentice katika chumba cha mtihani angeijibu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba yapo mambo ambayo hayana njia nyingine isipokuwa kukariri. Kwamba kipimo cha kupinda mwanga cha CR-39, plastiki ya kawaida ya lenzi, ni 1.498 na cha polikaboneti, plastiki isiyovunjika kwa urahisi, ni 1.586, au kwamba namba ya Abbe, inayoonyesha jinsi lenzi inavyotawanya rangi za mwanga, ya ile ya kwanza ni 58 na ya hii ya pili ni 30, hakuna anayeweza kuyabuni kwa kufikiri. Orodha ya mpwa wangu ilitengenezwa kwa ajili ya watahiniwa wa Marekani, ndiyo maana inauliza kuhusu gololi ya chuma ya inchi 5/8 inayoangushwa juu ya lenzi kutoka inchi 50 kupima kama itavunjika. Na hilo pia likariri, mwanangu, likiwa kwenye silabasi yako.

Lakini hata katika kubadilisha maandishi ya lenzi ya silinda, ile yenye nguvu tofauti kwa wima na kwa mlalo, jambo analolifanya kwa sekunde chache, hakuweza kuniambia kwa nini −2.00 +1.00 × 90 na −1.00 −1.00 × 180 ni lenzi ile ile. Nilimchorea msalaba kwenye karatasi, nikaandika nguvu ya kila mstari, −2.00 kwa wima na −1.00 kwa mlalo, nikamweleza kwa Kiswahili ingawa mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Akanyamaza kwa muda, kisha akaomba karatasi nyingine afanye mwenyewe.

Baadaye tulisimama dirishani. Nilimwambia aishike lenzi ya hasi mbele ya jicho moja, atazame nondo za dirisha, kisha aisogeze polepole. Nondo zilisogea upande uleule wa lenzi. Nikampa ya chanya, zikakimbia upande wa pili. Tulitafuta mahali ambapo nondo inayoonekana ndani ya lenzi inaungana na ile iliyo nje yake bila kuvunjika, wima na mlalo, na hapo akaweka nukta kwa kalamu ya wino. Kitovu kilikuwa hapo, chini ya kidole chake, na alikuwa amekipata bila mashine. Nilimpa lenzi saba zilizokataliwa karakanani aende nazo nyumbani, pamoja na rula ya milimita.

Mtihani ni baada ya wiki tatu. Juzi usiku aliniandikia: "Shangazi, nimepima miwani ya nyanya ya kusomea, chanya tatu. Kitovu cha kushoto kiko juu kuliko cha kulia kwa milimita 3. Ni prizimu 0.9 ya wima, sivyo? Ndiyo sababu anafunga jicho moja akisoma Biblia?" Nilimwambia ailete Jumatatu asubuhi, na nyanya aje nayo.