Jaribio likifeli kwenye prosesa moja, tusiliruke

Wiki iliyopita nililetewa badiliko la msimbo nilikague. Kulikuwa na jaribio linalopita kwenye x86 na ARM, prosesa za kompyuta na simu za kawaida, lakini linafeli kwenye s390x, prosesa ya kompyuta kubwa za IBM, na dawa iliyoletwa ilikuwa mstari mmoja: ukiwa kwenye s390x, ruka jaribio hili. Nililikataa, na mpaka leo jambo hili linaniuma.

Ripoti ilishasema kila kitu. Ilitarajiwa 1, ikapatikana 16777216. Ukishahangaika na mpangilio wa baiti (ipi hutangulia kati ya baiti zinazounda namba moja), namba hiyo unaitambua papo hapo: ni 1 ile ile ya biti 32, imesomwa kinyumenyume. Ndani ya faili ilikaa 01 00 00 00. Msimbo ulizichukua baiti hizo nne, ukaziwekea pointa (anwani ya kumbukumbu) ya namba nzima, ukaiachia prosesa izisome inavyojua, na s390x hutanguliza baiti kubwa, yaani yenye uzito zaidi, wakati ndani ya faili ilitangulia ndogo. Jaribio halina kosa. Mpangilio wa faili huwekwa na aliyebuni faili, na prosesa haina mamlaka juu yake.

Tiba yenyewe ni fupi. Chukua baiti ya kwanza, unganisha na ya pili iliyosogezwa kushoto biti 8, ya tatu 16, ya nne 24, zote zikiwa zimegeuzwa kwanza kuwa namba za biti 32 zisizo na alama ya chanya au hasi. Kusogeza biti hugusa thamani, hakuangalii namba imelalaje kwenye kumbukumbu, kwa hiyo jibu ni lile lile kwenye prosesa yoyote. Tafadhali, msijaze msimbo matawi ya "kama prosesa ni hii, geuza, kama ni ile, acha". Tawi lisilowahi kuendeshwa kwenye mashine yako ndilo litakaloharibika bila mtu kujua.

Niliulizwa, "Kwani nani bado anatumia mashine hizo?" Wapo: Debian, mfumo wa Linux, hutengeneza vifurushi vya s390x. Na hata wasingekuwepo, vichwa vya pakiti za mtandao za IP na TCP hutanguliza baiti kubwa, na namba ndani ya picha za PNG pia. Tatizo hili liko kwenye kompyuta ya kila mmoja wetu.

Nakubali, zipo nyakati jaribio ndilo lenye kosa, kama lile linalolinganisha kumbukumbu ghafi kwa memcmp (amri ya C ya kulinganisha baiti kwa baiti) na baiti zilizonakiliwa kutoka kwenye x86. Basi lirekebishwe lilinganishe thamani. Lakini utajuaje kosa liko wapi kama umeliruka?

Kukosa mashine si kikwazo. QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, inaendesha programu za s390x juu ya kompyuta ya kawaida. Ni taratibu, lakini inatosha.

Juzi mwenzangu alirudisha badiliko likiwa limerekebishwa, na kwenye QEMU ikatoka 1. Nikamwomba atazame na jaribio la kuandika faili, ambalo siku zote limekuwa likipita kote. Lilikuwa linaandika 0 tu, namba inayosomeka vile vile kutoka pande zote mbili. Tukaweka 0x01020304. Likafeli.